Sinahakika na Sanduku la Kilimani

Watu humwita Sinahakika, naye haitiki mara ya kwanza, maana hana hakika kama ni yeye anayeitwa. Jina lilitokana na majibu yake. Umuulize kama mvua itanyesha, hana hakika; hilo si ajabu, hata wanaolipwa kutabiri hawana. Lakini umuulize kama ameshakula mchana, atatazama kwanza nyuma ya bega lako kuona nani amekutuma, ndipo akwambie hana hakika. Mkewe husimulia kwamba siku ya ndoa, alipoulizwa kama anakubali, alinyamaza mpaka mawifi wakaanza kutazamana. Hakuwa na shaka na bibi harusi. Alikuwa anajiuliza kwa nini swali dogo kama lile lilihitaji mashahidi wote wale.

Kazi yake ni ufundi wa redio za upepo, zile za kubonyeza kitufe ukasema na kukiachia ukasikiliza. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Ndani kuna meza yenye makovu ya kulehemu, jiriwa, drili, tupa, na makopo ya skrubu yaliyopangwa kwa urefu. Mlango una makufuli mawili: moja la kuufunga, na la pili, kwa maelezo yake mwenyewe, la kulichunga la kwanza.

Ni kazi inayomfaa mtu wa shaka. Redio mbovu haisemi inaumwa wapi. Inakohoa kifuani huku ugonjwa uko tumboni, na fundi anayeisadiki atahangaika na mapafu hadi jioni. Sinahakika haisadiki redio, haisadiki betri mpya, wala hamsadiki mteja anayesema "haijawahi kuanguka hii". Mtu wa namna hiyo hutengeneza vizuri. Tabu huanza anapofunga karakana na kwenda nyumbani na shaka ile ile, kama daktari anayempima homa kila anayempa mkono.

Aliyepimwa homa kwa muda mrefu kuliko wote ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Miaka ya nyuma drili ilipotea wiki ile ile shemeji alipokuja kuwatembelea. Sinahakika hakumtuhumu mtu. Alisema tu, mezani, mbele ya wote, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kisha akaomba chumvi. Baadaye drili ilionekana uvunguni mwa kitanda cha Sinahakika mwenyewe. Hilo hakulisema mezani.

Shemeji huyo ndiye mlinzi wa kilimani. Alikaa sana bila kazi kabla ya kuupata ulinzi ule, na kilichompatia ni kilima chenyewe: hakuna mwingine aliyetaka kukipanda kila asubuhi. Ana watoto ambao, ukiwatazama wakila, utadhani wamepewa tarehe ya mwisho ya kukua. Kazi anaihitaji.

Anacholinda huko juu ni paneli za sola, betri, na mlingoti wa antena. Zahanati iko upande huu wa kilima, hospitali yenye gari la wagonjwa iko upande ule, na simu za mkononi hazishiki pale zahanati isipokuwa kwa anayekubali kupanda juu ya tangi la maji. Mama mwenye uchungu hapandi tangi. Kwa hiyo gari huitwa kwa redio ya upepo, na ili sauti ikivuke kilima, lazima juu yake pawe na ripita.

Ripita, kwa asiyeijua, ni mmbeya mwaminifu. Husikia neno upande huu na kulisema lile lile upande wa pili, kwa sauti kubwa zaidi, bila kuongeza chumvi. Radi ilipoichoma ya zamani, kamati ya zahanati ilimwendea Sinahakika na kumwomba awatengenezee nyingine kwa chochote alicho nacho.

Alichokuwa nacho ni redio nene ya chuma iliyong'olewa kwenye lori la ujenzi wa barabara. Matumbo yake alikuwa na shaka nayo, lakini sanduku lake lilimvutia. Ugumu wa ripita ni kwamba husikia na kusema kwa wakati mmoja. Redio ya kawaida hungoja zamu yake. Ripita haingoji, na kama kinywa chake hakikutengwa na sikio lake, itajisikia yenyewe tu na ya wengine yote yataipita, kama wenyeviti tunaowajua. Dawa yake ni chuma: ukuta wa chuma kati ya kusikia na kusema, na kifuniko cha chuma juu ya vyote viwili.

Alitoa kila kilichokuwamo. Akakata bati nene na kulisimamisha katikati ya sanduku kama ukuta wa nyumba ya wapangaji, chumba cha kusikia huku, chumba cha kusema kule, kila kimoja na tundu lake la antena. Ubavuni akakata dirisha la feni ndogo aliyoitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Kila ukingo akaupitia kwa tupa mpaka ukakubali kupapaswa. Kifuniko cha zamani hakukipenda, akakata kipya. Akaweka mitambo, akafunga, akaijaribu palepale mezani. Ikasikia na kusema bila kujichanganya. Akaijaribu tena, kwa sababu mara ya kwanza huenda ni bahati.

Ndipo akaipaka rangi.

Baada ya ndugu wa mke, kitu ambacho Sinahakika hakiamini kabisa ni kutu. Aliifungua yote, akaisugua kwa msasa, akaipaka rangi ya kijivu nje na ndani, na kwenye midomo ya sanduku ambapo kifuniko hukaa, na hata kwenye kingo za matundu ya skrubu, mahali ambapo mafundi wenzake, kwa uvivu wao, huwa wanaparuka. Ikawa nzuri kiasi kwamba mwenye duka la rangi aliomba aiweke dirishani. Akakataliwa, kwa sababu haikueleweka anaitakia nini.

Kilichobaki ni muhuri. Mafundi wa redio wana desturi yao: ukishakaza skrubu, unaitia tone la rangi ya kucha kichwani. Mtu akiizungusha, rangi inapasuka, nawe unajua umeingiliwa.

"Baba watoto," mkewe aliuliza asubuhi moja, "rangi yangu ya kucha umeiona?"

"Ipo kazini."

"Kazini kwa nani?"

"Kwenye redio."

"Basi huyo Redio mwambie aje hapa nimwone kucha zake."

Aliletewa akaziona. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaichukua chupa yake na kuificha mahali papya. Sinahakika alimwelewa, yeye pia angeificha.

Siku ya kuifunga kilimani, asubuhi ya baridi, kila kitu kiliitika. Sanduku lililazwa juu ya rafu ya nje, chini ya kipaa cha bati, ubavu wake ukigusa ukuta wa kibanda cha mlinzi. Sinahakika akamkabidhi shemeji.

"Shemeji, hili sanduku usiliguse."

"Sawa, shem."

"Usilifute hata vumbi."

"Vumbi nalo lina mwenyewe?"

"Na usilitazame sana."

"Hapo ndipo pagumu, shem. Mimi ni mlinzi."

Jua lilipoanza kuwaka, ripita ikaanza kuziba masikio. Sista, muuguzi mkuu wa zahanati, alimpitia karakanani. "Fundi, mashine yako asubuhi inasikia. Ikifika adhuhuri, unaita mpaka koo linakauka. Juzi tumempeleka mama hospitali kwa lori la mchanga."

Sinahakika alipanda. Mihuri yote ilikuwa mizima, na hilo lilimtia shaka zaidi, maana mwizi asiyeacha alama ndiye mwizi hasa. Akaifungua, hakuona kosa, akaifunga. Safari hii rangi ya kucha, aliyoisaka nyumbani mpaka akaipata, aliitia juu ya vichwa vya skrubu na chini yake pia. Mjanja hutazama juu tu.

Baada ya hapo mambo yakageuka kwa namna ambayo ingemwondolea usingizi hata mtu anayeamini watu.

"Siku hizi adhuhuri inaitika vizuri," Sista alimwambia. "Tatizo ni moja. Ukipanda wewe, inakufa. Ukishuka, inafufuka."

"Nikipanda mimi?"

"Wewe, au mtu yeyote wa kamati. Mimi sisemi kitu, Fundi. Nasema nilichokisikia."

Sinahakika alichukua redio ya mkononi na kuanza kukipanda kilima huku ikiwa wazi sikioni. Adhuhuri, jua kali. Sista na dereva wa gari la wagonjwa walikuwa wanapeana habari za chupa za oksijeni, sauti safi kama wako chumba cha pili. Akafika kwenye kona ya njia, penye mwamba uliochongoka, mahali ambapo kibanda kinaanza kukuona nawe unaanza kukiona. Akapita mwamba. Kimya. Akarudi nyuma ya mwamba, akakaa, akasubiri kwa uvumilivu wa mtego. Baada ya muda, oksijeni zikaendelea. Akachungulia na kujitokeza tena. Kimya.

Hakuendelea kupanda. Alishuka, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akitembea kama mtu mwenye hakika.

Mwenyekiti wa kamati ni fundi cherehani anayevaa tepu ya kupimia shingoni hata kwenye mazishi. Alimsikiliza huku akishona.

"Kwa hiyo anakuona unakuja, anaizima."

"Anaizima."

"Ili iweje?"

"Ili nionekane sijui kazi. Kuna mambo ya zamani. Ya drili."

Mwenyekiti alikata uzi kwa meno. "Huyu ni shemeji yako, si wangu. Kamati inakaa keshokutwa. Lete ushahidi, kibarua chake kiote nyasi, tutafute mwingine. Lakini uje na ushahidi. Usije na drili."

Mji mdogo hauhitaji ripita. Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa ameshazipata habari zote, pamoja na neno la nyasi.

"Unataka kumfukuzisha kaka yangu."

"Nataka ukweli."

"Ukweli uliuona uvunguni mwaka ule. Ulimwambia nani?"

Sinahakika alisema chakula kina chumvi nyingi. Hakikuwa na chumvi kabisa. Mke alikuwa amesahau kwa hasira, au labda hakusahau.

Kesho yake alikipanda kilima kwa upande wa nyuma, usio na njia, akishika mizizi na kukanyaga mawe yaliyokuwa na maoni yao. Redio ya mkononi ilikuwa wazi, sauti chini kabisa. Ripita ilikuwa inafanya kazi. Alitokea nyuma ya kibanda, jasho likimtoka hadi kwenye soksi, akasikia sauti ambayo si ya redio. Ilikuwa sauti ya mtu anayekoroma.

Akachungulia. Shemeji alikuwa amelala juu ya gunia, kichwa kikiuelekea ukuta wa rafu, kofia usoni, mikono kifuani kama mtu aliyekwisha kuombewa. Nje, juu ya kifuniko cha kijivu, juu ya kazi ile safi ya rangi, palikuwa na jiwe. Si kokoto. Jiwe la kukalia mtu.

Basi ushahidi ukawa umepatikana, tena wa kubebeka. Sinahakika alilikumbatia jiwe na kuliinua ili amwamshe shemeji nalo likiwa mikononi. Papo hapo feni ikaanza kukitetemesha kifuniko, dzzzz, na redio iliyokuwa mfukoni, iliyokuwa ikimtaja mgonjwa wa mguu, ikakata katikati ya mguu.

Akasimama na jiwe kifuani. Akalirudisha. Mlio ukakoma, mguu ukaendelea. Akaliinua. Kimya. Akalirudisha. Pale ndipo shemeji alipotoa kofia usoni na kumwona shemeji yake juani, akipandisha na kushusha jiwe kama mtu aliyepewa adhabu shuleni.

"Shem," alisema taratibu, "uko salama?"

"Jiwe hili umeliweka wewe?"

Shemeji aliketi. Alitazama njia, akatazama mteremko wa nyuma, akaelewa alikotokea mtu. "Kifuniko kinanguruma. Ulipokifunga mara ya pili kikazidi. Ukilaza kichwa hapa, unakisikia hadi kwenye meno. Nikaona nikikikandamiza kitanyamaza."

"Na mtu akipita mwamba?"

"Nalitoa. Uliniambia nisiguse hata vumbi. Ningekueleza nini kuhusu jiwe?"

"Ungesema linakuzuia kulala."

"Ndiyo hivyo. Ningesema hivyo, kazi ningekuwa nayo?"

Sinahakika alikuwa ameinama, ukucha wake ukikwangua mdomo wa sanduku. Kijivu, juu ya kijivu, juu ya chuma. Mahali pote ambapo kifuniko kilipaswa kushikana na sanduku, chuma kwa chuma, palikuwa na rangi yake nzuri katikati. Chini ya kila kichwa cha skrubu palikuwa na rangi ya kucha ya mkewe. Jua lilipokipasha kifuniko, kilijikunja kidogo na kuachia. Kinywa kikalivuka bati na kulijaza sikio. Jiwe lilikuwa likikirudisha chini. Aliijaribu kabla ya rangi. Baada ya rangi hakuijaribu ila ile asubuhi ya baridi, kwa sababu kuna kitu kimoja ambacho hakuwahi kukishuku: mkono wake mwenyewe.

"Una bisibisi?" aliuliza.

"Sina. Ningekuwa nayo ungesema nini?"

Hilo lilikuwa kweli. Akatoa yake. Wakaketi juani mmoja huku na mmoja huku, Sinahakika akikwangua midomo ya sanduku kwa tupa, shemeji akisugua kingo za kifuniko kwa mchanga na kipande cha gunia, mpaka chuma kikang'aa. Walipokifunga, kifuniko kilikaa kimya, bila jiwe, na dereva wa gari la wagonjwa akasikika akiuliza kama kuna mtu ameshakula.

"Kesho kamati," alisema shemeji, akiutazama mji ulioko chini.

"Kesho kamati," alisema Sinahakika.

Kila mmoja alikuwa na jiwe la kumtupia mwenzake, na kila mmoja alijua ukubwa wake.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha chanjo cha zahanati, chini ya picha ya mtoto mwenye afya kupita kiasi. Mlinzi aliambiwa angoje nje. Mwenyekiti alinyoosha tepu yake.

"Fundi, tuletee ushahidi."

"Ni rangi," alisema Sinahakika.

"Rangi ya nani?"

"Yangu. Niliipaka mahali pasipotakiwa. Mlinzi hakuizima."

Wajumbe walitazamana. Jambo la ajabu ni kwamba alipokuwa anamtuhumu mtu, wote walimwamini upesi. Sasa anajituhumu mwenyewe, nyuso zote zikakunjamana.

"Juzi ni mlinzi," alisema mwenyekiti. "Leo ni rangi. Keshokutwa itakuwa feni. Mimi naona hapa kuna mtu amebanwa nyumbani kwake."

Mjumbe mmoja alikohoa kuficha kicheko. Sista akasema kwamba tangu jana adhuhuri redio haijakatika hata mara moja, na kwamba yeye hajali imebanwa wapi. Hilo lilipunguza makali, lakini mwenyekiti hakuwa amemaliza. Mtu anayepima nguo hujua mahali kitambaa kilipopungua.

"Basi nijibu moja. Ulipanda kwa nyuma, bila taarifa. Ulipofika, mlinzi alikuwa anafanya nini?"

Kupitia dirishani, shemeji alionekana amekaa kwenye benchi la wagonjwa, mgongo wima, kofia magotini. Sinahakika alimtazama.

"Sina hakika," alisema.

Hakuna aliyeshangaa. Wangeshangaa kama angejibu vingine. Mwenyekiti alitikisa kichwa, akasema mlinzi aendelee na kazi, na fundi, kwa kuwa haeleweki, apande kila wiki kulikagua sanduku lake, ghafla, bila kumjulisha mtu siku wala saa.

Anapanda, na hamjulishi mtu. Jiwe sasa linauzuia mlango wa kibanda usipigwe na upepo. Nyumbani chumvi imerudi kwenye kiasi chake, ingawa bado huionja kwanza kwa ncha ya ulimi. Kilichowashangaza majirani ni kitu kingine. Mtu huyu, ambaye hawajawahi kumsikia hata akiimba bafuni, siku za ukaguzi husikika akipiga mluzi akiwa kilimani. Mluzi wenyewe hauna wimbo. Huanza anapoukaribia mwamba, kabla tu ya ile kona, naye husimama hapo kidogo kufunga kamba ya kiatu, akizifunga zote mbili, bila haraka, ndipo apite.